Mambo ya Nyumbani: Ukuta Unaolia Lori Likipita

Msomaji mpenzi, kama nyumba yako i karibu na barabara kuu, huenda jambo la leo walijua kuliko mimi. Usiku umetulia, watoto wamelala, mara lori lasikika kwa mbali. Kwanza ni mngurumo tu. Halafu vikombe vyaanza kugongana kabatini. Mwisho ukuta wa kati, ule unaotenga chumba chako na cha watoto, nao waanza kulia: trrr, trrr, trrr, mpaka lori limekwisha pita. Kisha kimya. Baada ya dakika kumi laja jingine.

Kwetu Kigamboni habari hii ni ya kila siku. Kabla ya daraja, motokaa zilivuka kwa pantoni kutoka Kivukoni, au zilizunguka kwa njia ya Kongowe. Tangu Aprili 2016, lilipofunguliwa Daraja la Nyerere lenye urefu wa mita 680 kutoka Kurasini, kuvuka kumekuwa kwepesi, na magari nayo yameongezeka. Tena kwetu kuna matangi makubwa ya mafuta, na huko Kimbiji kuna kiwanda cha saruji. Mafuta na saruji si mizigo ya kubeba kwa mkokoteni. Sheria ya uzito wa magari ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya mwaka 2016 yaruhusu lori lenye ekseli za kutosha kufikia tani 56 pamoja na mzigo wake. Tuseme ng'ombe mmoja wa kienyeji ana kilo 280. Basi lori hilo ni ng'ombe 200 wapitao mlangoni pako kwa pamoja, nao wanakimbia! Ninyi mnaokaa Chalinze, Mikumi, Makambako au Tunduma hamhitaji kuelezwa zaidi.

Kazi yangu mimi karani ni kuandika vitabu vya ubatizo na ndoa. Lakini kwa kuwa nilisomea ualimu, watu huniletea na maswali yasiyo ya vitabu. Swali la ukuta nimekwisha kuulizwa mara nyingi: Je, nyumba itaanguka? Je, nivunje nijenge upya? Wengine, nisiwafiche, huulizia pepo. Hao nawajibu kwamba pepo asiyelia ila lori likipita ana kazi ngumu mno. Basi na tulitazame jambo lenyewe kwa utaratibu.

Mama akitwanga mahindi uani, nawe umesimama karibu bila viatu, wasikia kishindo cha mchi nyayoni mwako. Kinu hakikusogea, wala ardhi hukuiona ikitikisika, lakini kishindo kimekufikia. Ndivyo afanyavyo lori. Gurudumu lake likitumbukia shimoni, au likiparamia tuta, laigonga nchi kama mchi. Kishindo chapita ardhini, chafika msingini, chapanda kutani. Wataalamu waliopima wamekuta kwamba mtikisiko wa namna hii huwa hasa wa mara 5 mpaka 25 kwa sekunde moja. Udongo laini, kama mfinyanzi uliolowa, huupitisha mtikisiko vibaya kuliko mwamba. Barabara iliyo laini kama meza haitoi kishindo kikubwa hata lori likiwa zito. Shimo moja mbele ya nyumba lawasumbua watu kuliko malori kumi juu ya lami safi.

Iko na njia ya pili, nayo ni hewa. Injini ya dizeli hutoa sauti nene, ya chini sana. Sauti hiyo ikikuta ubao mwembamba uliowambwa juu ya mbao, ubao huo hutetemeka kama ngozi ya ngoma. Hapo ardhi haina hatia. Wataka kujua ni njia ipi inayokusumbua? Weka bakuli la maji sakafuni, mbali na ukuta, umulike kwa taa wakati lori linapita. Maji yakifanya viduara, kishindo chatoka ardhini. Yakitulia huku ukuta walia, basi mara nyingi ni hewa.

Lakini kwa nini ukuta mmoja walia na mwingine hapana, nao wako nyumba moja? Mkumbuke mtoto kwenye bembea. Ukimsukuma ovyo haendi mbali. Ukimsukuma kila arudipo, kwa kipimo kile kile, hata kidole kimoja chatosha kumpeleka juu. Kila kitu kina mwendo wake wa kutikisika, nao ukipatana na mwendo wa kishindo kinachokuja, kitu hicho huitikia. Ukuta mzito uliofungwa vema kwa jirani zake hauitikii kwa urahisi. Ubao mwepesi uliolegea huitikia upesi.

Sasa juu ya hofu. Mwili wa binadamu ni mwepesi mno wa kusikia mtikisiko. Twaanza kuusikia ukiwa na mwendo wa kadiri ya milimita 0.3 kwa sekunde. Wajerumani, ambao ni watu wa kupima kila kitu, katika kanuni zao za ujenzi wameweka milimita 5 kwa sekunde kuwa ndipo mtu aanze kuangalia nyufa ndogo za lipu katika nyumba za kukaa, kishindo kikiwa cha chini na kimepimwa msingini. Angalia tofauti hiyo. Wewe wausikia mtikisiko zaidi ya mara kumi na tano kabla haujafika pale pa kuutilia ukuta shaka. Kwa hiyo kuusikia si dalili ya kuanguka. Kanuni hizo, hata hivyo, zawaza nyumba iliyojengwa sawasawa. Kwa nyumba iliyojengwa kwa haraka tutasema mbele.

Juzi juzi alikuja ofisini mama mmoja wa hapa, mjane, mwenye nyumba ya matofali kando ya njia iendayo Kibada.

"Shikamoo, mama," nilimwambia.

"Marahaba, mwanangu. Nimekuja uniandikie barua."

Barua ilikuwa ya kwenda chuo cha uuguzi anakosoma binti yake, kuomba ada ingoje mpaka muhula mwingine. Kwa nini ingoje? Kwa kuwa mwashi mmoja amemwambia ukuta wa kati umekwisha, wavunjwe wote, ujengwe upya kwa matofali na nondo. Fedha ya ada ndiyo iliyokuwa ya matofali.

"Mama," nikamwambia, "barua tuiweke kwanza. Nipe nafasi nije niusikie huo ukuta."

Nilikwenda Jumamosi jioni pamoja na seremala mmoja wa jumuiya yetu. Ukuta wenyewe haukuwa wa matofali. Ulikuwa kizigo cha mbao za mbili kwa mbili, kimepigwa plaiwudi pande zote mbili, aliokiweka marehemu mumewe ili kuigawa sebule iwe vyumba viwili. Upande mmoja chashikana na ukuta wa tofali, na hapo palikuwa na ufa mwembamba kutoka juu hadi chini. Ufa huo ndio mwashi alioonyesha kwa kidole.

Tulivyotafuta, nawe waweza kutafuta hivyo hivyo. Mtu mmoja akae nje, aangalie barabara. Lori likitokea aite, "Laja!" Wa ndani aweke kiganja ukutani, asukume kidogo, asikilize. Asukume chini, katikati, juu, kwenye fremu ya mlango, kwenye kila kilichotundikwa. Kelele ikikoma au ikibadilika chini ya kiganja chako, umepashika mahali penyewe. Tia alama ya chaki. Usitosheke na pamoja, maana ukuta unaolia huwa na midomo mingi. Kama malori ni haba, funga ngumi kwa kanga, uupige ukuta taratibu kwa ubavu wa ngumi. Utasikia vile vile.

Wa kwanza kukutwa na hatia walikuwa picha ya arusi na mafungu mawili ya funguo yaliyotundikwa msumarini. Tulipoviondoa, nusu ya kelele ilikwisha. Mama alicheka hata akakaa chini. Wa pili ulikuwa mlango: ulimi wa kitasa unacheza ndani ya tundu lake, na kila kishindo waupiga ubati. Wa tatu ndiye mkubwa. Mbao ya chini ya kizigo ilikuwa imepigwa sakafuni kwa misumari ya zege. Ilipopigwa ilikuwa mbichi. Mbao mbichi ikikauka hunywea, na hii ilinywea ikaacha nafasi ya unene wa sarafu kati yake na sakafu. Kila lori likipita, kizigo kizima chanyanyuka na kushuka, nayo mbao yapiga sakafu: trrr. Wa nne ilikuwa plaiwudi yenyewe. Ilishikwa kingoni tu, katikati iko huru, futi nne kwa nane, ngoma kamili.

Na ule ufa? Mbao na tofali hazifanani katika kunywea na kuvimba. Popote zinapokutana chini ya lipu moja, lipu itapasuka, lori lipite lisipite.

Msomaji, shika jambo hili moja, hata mengine yakikutoka. Kelele ya kugonga hutoka pale ambapo vitu viwili vyagusana bila kushikamana. Dawa zake ni mbili tu: ama uvikaze viwe kitu kimoja, ama uvitenge kwa kitu laini kati yao. Kitu chenye kugusa nusu nusu ndicho kinacholia.

Seremala wetu alifanya hivi. Aling'oa misumari ya chini, akainua mbao kidogo kwa patasi. Akakata mpira wa ndani wa baiskeli kuukuu vipande virefu, akautandika chini ya mbao yote, na ubavuni pale inapogusana na ukuta wa tofali. Kisha akatoboa, akatia vizibo vya plastiki vya kushikia skrubu, akakaza skrubu za inchi 3 kila baada ya futi 2. Msumari katika sakafu ya saruji hulegea kwa kutikiswa, skrubu yashika. Akakaza mpaka mpira ukabanwa, lakini hakuuponda, kwa sababu mpira uliopondwa ni sawa na kutokuweko. Katikati ya kizigo alitia mbao za kukatiza kati ya nguzo, akazipaka gundi ya mbao, akaikazia plaiwudi hapo kwa skrubu fupi kila inchi 12. Ubao mkubwa ukigawanywa vipande vidogo hauna nafasi ya kuwa ngoma. Ubati wa kitasa ulikunjwa kidogo uubane ulimi. Picha ya arusi ilirudi mahali pake, na nyuma ya pembe zake za chini tulibandika vipande vya kandambili iliyokatika. Kandambili, mnaona, haifi kwa kukatika kigwe.

Ufa haukuzibwa kwa saruji, maana ungepasuka tena. Ulifunikwa kwa ubao mwembamba uliopigiliwa upande mmoja tu, upande wa kizigo, ili tofali na mbao ziweze kwenda kila moja kwa mwendo wake.

Gharama yote haikufika bei ya mifuko miwili ya saruji. Malori hayakuacha kupita, wala mtikisiko haukwisha. Mama asema kitanda bado chamweleza lori likipita. Lakini ukuta haulii, na barua haikuandikwa.

Mambo ya hatari nayataja hapa hapa. Kama nyaya za umeme zapita ndani ya kizigo, zima swichi kuu kabla hujatoboa, tena usikisie njia ya waya kwa macho. Usijaze kizigo kwa mchanga, kwa kuwa utaitumbua plaiwudi. Wala usijaze magazeti makuukuu au sufi ukidhani utaituliza ngoma. Magazeti ni nyumba ya panya na chakula cha mchwa, na sufi hushika moto upesi mno.

Madirisha nayo yatazamwe. Ya alumini ya kusukuma hucheza ndani ya reli zake. Kipande cha mpira au kitambaa kinene kikibanwa pembeni chatosha. Vioo vya luva vilegee kidogo tu, na nyumba yote yalia kama kayamba. Fremu ya wavu wa mbu hali kadhalika. Kama dari ni ya jipsamu, sikiliza huko pia, maana watu wengi huulaumu ukuta kwa kosa la dari.

Wasomaji wetu wengi nyumba zao ni za miti na udongo, nami siwasahau. Nyumba hizo si duni katika jambo hili, hasha. Fito zilizofungwa vema zina ulegevu wake wa asili, hutikisika zikarudi. Zinapolia ni kwa kuwa kamba zimeoza na fito zinagongana na nguzo, au madonge ya udongo yamekatika, yanacheza ndani. Bomoa kidogo mahali hapo mpaka uzione fito. Funga upya kwa kamba ya katani. Andaa udongo wako pamoja na manyasi makavu yaliyokatwa katwa, uuache na maji siku kadhaa, uukanyage tena. Kabla ya kukandika, lowesha kingo za udongo wa zamani. Udongo mbichi haushiki juu ya kavu, utakauka na kujitenga, nawe utarudi kazini baada ya mwezi mmoja. Na ukiwa hapo hapo, chomeka kisu kwenye shina la kila nguzo, pale inapoingia ardhini. Kikizama kama katika boga, mchwa wamekutangulia. Nguzo hiyo haitaki mpira wa baiskeli, yataka kubadilishwa.

Sasa nije kwenye ukuta wa matofali, na hapa naomba usome polepole.

Watu wengi wa kwetu hujenga nje kwanza kwa matofali ya kulaza, huhamia, kisha mwaka mwingine fedha ikipatikana hujenga kuta za ndani kwa matofali ya kusimamisha. Si kosa kujenga kwa hatua. Wengi hatuna njia nyingine. Lakini ukuta wa pili huegemezwa tu kwenye ukuta wa kwanza, bila kuumana nao. Katikati huwa na mstari ulionyoka wa saruji tu, na lipu hufunika siri hiyo. Juu nako ukuta huishia chini ya kenchi bila kushikwa na kitu chochote. Ukuta kama huo, mrefu kwenda juu, wa unene wa inchi 5, husimama kama ubao wa meza uliosimamishwa kwa makali. Lori huenda lisiuangushe. Lakini lori likiupa sauti, limekufanyia hisani: limekuambia haukufungwa.

Ukitaka kujua thamani ya kufunga, kumbuka Bukoba. Tarehe 10 Septemba 2016 tetemeko la ukubwa wa 5.9 lilipiga mkoa wa Kagera. Watu zaidi ya 15 walifariki, na nyumba nyingi ziliharibika. Lori si tetemeko, mbali kabisa. Lakini katika matetemeko ya namna hiyo kuta za tofali tupu zisizoshikamana na wenzake ndizo hutengana kwanza, na chini yake ndipo watu walalapo.

Mwite basi mwashi mwenye subira. Na achimbe kwa tindo katika pembe, kila baada ya kozi tatu za matofali, mfereji mfupi unaoingia kuta zote mbili. Alaze humo kipande cha nondo ya milimita 8, kilichokunjwa ncha, akizike kwa saruji nzuri iliyoloweshwa. Juu ya mstari wote wa pembe apigilie wavu wa kuku, upana wa futi moja, nusu kila upande, ndipo apige lipu. Kichwa cha ukuta akifunge kwenye renta, au kwenye kenchi kwa chuma chembamba. Lipu ilowe maji kwa siku saba. Hapo ndipo mafundi wengi wanapokosa, na wenye nyumba huona uvivu kumwagia. Na mchanga usiwe wa pwani. Sisi wa Kigamboni bahari i mlangoni, na tamaa ya kuchota ni kubwa, lakini chumvi huila lipu na kuozesha nondo. Lipu iliyokwisha kuliwa utaijua kwa kuigonga kwa kifundo cha kidole: nzima hutoa sauti kavu, iliyobambuka huitika kama debe tupu. Iliyobambuka ibanduliwe, usiipakie rangi juu.

Nyufa nazo zina lugha yake. Twaa kadi ya benki au kitambulisho chako cha taifa. Unene wake ni kama robo tatu ya milimita. Isipoingia katika ufa, ufa huo ni wa rangi na chokaa tu. Ikiingia na kucheza, weka alama za penseli kwenye ncha mbili za ufa, uandike tarehe ukutani. Bandika na kidonge cha lipu juu ya ufa. Tazama baada ya masika, tazama tena baada ya vuli. Kidonge kikipasuka, au ufa ukipita alama zako, ukuta waenda. Na ufa ukizidi milimita 5, au ukuta ukitoka katika timazi, au mlango uliokuwa ukifungwa jana leo wakwama, hapo acha kusoma gazeti, wahamishe watoto wasilale upande ule, uende kwa mhandisi wa halmashauri.

Tena usimtwishe lori dhambi zote. Nyufa nyingi pana chanzo chake ni maji. Bati lisilo na mfereji lamwaga mvua yote mguuni pa ukuta, udongo walainika, msingi washuka upande mmoja. Nimeona familia wakilaumu barabara miaka mitatu, na shimo la maji ya kuogea liko hatua mbili kutoka pembe ya nyumba.

Waweza kuuliza, kwa nini tusizuie kishindo huko huko kinakotoka? Swali jema. Ndugu zetu wengine wamechimba handaki la futi tatu kati ya nyumba na barabara. Ni jasho la bure. Mawimbi ya mtikisiko huu ni marefu, hufikia mita 10 au 15 kutoka wimbi hata wimbi, nayo hupita chini ya handaki fupi kama samaki chini ya mtumbwi. Ua wa michongoma nao wapendeza, wazuia mbuzi na vumbi, lakini kishindo cha ardhini hauzuii.

Kinachosaidia ni barabara yenyewe. Shimo lizibwe, kiungo cha lami kilichoinuka kisawazishwe, tuta lisiwekwe mbele ya nyumba za watu kama laweza kuwekwa hatua hamsini mbele. Malori yakienda polepole juu ya mahali pabovu, kishindo hupungua. Barabara kuu na za mkoa ziko chini ya TANROADS. Za wilaya, mitaa na vijiji ziko chini ya TARURA, iliyoanzishwa mwaka 2017. Andikeni barua moja kwa pamoja kupitia serikali ya mtaa au kijiji. Tajeni mahali penyewe kwa kitu kinachoonekana, kama mti au nguzo ya umeme, na tarehe shimo lilipoanza. Barua isemayo "barabara yetu mbaya" haina pa kushikwa. Barua ya kaya kumi na tano, yenye shimo moja lililopimwa upana na kina, mhandisi aweza kuifanyia kazi.

Bado neno moja kabla hujatoa fedha. Pima nyumba yako iko umbali gani na katikati ya barabara. Kwa Sheria ya Barabara ya mwaka 2007 na kanuni zake, hifadhi ya barabara kuu ni mita 30 kila upande kutoka katikati. Hapo kwanza ilikuwa mita 22.5. Kama nyumba yako ina alama ya X, au i ndani ya kipimo hicho, uliza kwanza ofisi ya barabara kabla ya kununua hata nondo moja. Kaza skrubu, tandika kandambili, upate usingizi. Lakini ukuta mpya wa matofali usiujenge mpaka umejibiwa kwa maandishi.

Aliyeniandikia kutoka Mwasonga juu ya kisima chenye maji ya chumvi, nitamjibu juma lijalo. Na aniletee maji hayo katika chupa safi, aandike kina cha kisima na umbali wake kutoka baharini.